Ndambuki Alitaka Kujua Atabaki Aje

Gogo lilikuwa limelala mbele ya kibanda, na Ndambuki alikuwa analizunguka pole pole kama mtu anataka kununua ng'ombe na haamini mwenye ng'ombe.

"Kimanzi, hii mti umetoa wapi?"

"Muhugu safi, mzee. Nimeileta kutoka nyumbani na mkono yangu. Wewe kata tu."

"Kata tu?"

Kibanda cha Ndambuki kiko Kariobangi, katikati ya fundi wa sufuria na vijana wa kuchomelea mageti. Hapo kelele haiishi. Lakini huyo mzee amechonga mbao tangu akiwa kijana, na sikio lake linachagua chenye linataka kusikia. Alichukua ngomo, kile kishoka chake cha kuchongea, akageuza upande wa mgongo. Akagonga gogo huku. Akainama, akaweka sikio. Akaenda ule upande mwingine, akagonga tena. Uso ukakunjamana.

"Odera! Hebu kuja usikie hii kitu."

Odera ni fundi mwenzake wa kibanda cha pili. Alikuja akipangusa mikono kwa suruali. Akagonga, akasikiliza.

"Huku inaitika," Odera akasema. "Huku imenyamaza. Iko na ufa ndani, ama imeoza."

Kimanzi, mtu wa kwao anayemletea miti, akawaka. "Sasa mzee, unaniita mwongo mbele ya watu?"

"Sijakuita mwongo. Nimeita sikio ya pili. Nikikata mti vibaya, siwezi kuurudisha. Peleka."

Kimanzi hakuwa amemaliza kunung'unika wakati simu ya Ndambuki ililia. Alikuwa Laban, ndugu yake mdogo, karani wa serikali, mzee wa kanisa kule Buruburu.

"Kaka, furahi!" Laban akasema. "Daktari Kivuva amekupatia Jumatano. Unalazwa Jumanne, Jumatano unapasuliwa, hiyo kitu inatolewa yote. Nimeshaambia watu wa nyumbani waombe."

Ndambuki alisema "sawa" halafu akakata simu. Alisimama hapo na ngomo mkononi. Odera alimwangalia, akaamua kurudi kwa kazi yake bila kuuliza.

Ukweli ni huu. Ndambuki alikuwa amepatikana na kansa ya tezi dume. Tezi dume ni kitu kidogo chenye kila mwanaume ako nayo, iko chini ya kibofu cha mkojo. Alipimwa damu, damu ikaonyesha kuna shida. Akapelekwa kutolewa kinyama, yaani sindano zinapitishwa huko nyuma, zinachota vipande vidogo vya tezi, vinaenda kuangaliwa maabara. Hiyo siku hakuisahau. Hakumwambia mtu ilikuwa aje, hata Mukai bibi yake.

Halafu wakaenda kusikia majibu. Laban alikuwa amepanga kila kitu, kwa sababu Daktari Kivuva ni mtu wa kwao. Walipitishwa mbele ya foleni. Daktari alikuwa na simu kwa sikio.

"Mzee, ni kansa. Tunatoa."

"Inatolewa yote?"

"Yote. Nitakuwekea nafasi."

"Na daktari, baada ya hiyo, mimi nitabaki aje?"

Daktari alitoa simu kwa sikio kidogo tu. "Utabaki hai, mzee. Si hiyo ndiyo unataka?"

Akarudi kwa simu. Laban akasema asante daktari, Mungu akubariki daktari. Wakatoka. Na tangu hiyo siku kuna moto ulikuwa umekaa kifuani mwa Ndambuki, na hakujua autupie nani. Aligombana na Mukai juu ya chumvi. Aligombana na kondakta. Aligombana na redio.

Mchana aliishiwa na msasa wa kupiga mbao, akaingia dukani kwa Zubair. Zubair anauza gundi, vanishi, misumari na maneno. Familia yao ilitoka Pwani zamani, lakini yeye amezaliwa na kuzeeka hapa hapa Eastlands.

"Karibu mzee wangu! Leo umenuna kama nimekuuzia gundi iliyoganda."

"Nipatie msasa."

"Laini ama wa kukwaruza?"

"Zubair, nipatie msasa nitoke!"

Zubair alitoa msasa, lakini hakumpatia. Aliushika.

"Ndambuki, mimi na wewe tumejuana miaka. Hujawahi kunipigia kelele. Ni nini?"

Na hapo moto ukapata mlango. Ndambuki alisema yote. Kansa. Jumatano. Simu kwa sikio la daktari. Ndugu yake ameweka habari kwa WhatsApp ya ukoo, sasa watu wanamtumia pole kama ameshakufa. "Kuna mjinga mmoja amenitumia picha ya mshumaa! Mshumaa, Zubair! Mimi niko hapa napiga mbao!"

Zubair alitaka kucheka, akajizuia, halafu akashindwa. Ndambuki alimwangalia vibaya, lakini mdomo wake mwenyewe ukaanza kucheza.

"Kaa chini," Zubair akasema, akamsukumia debe la rangi. "Hata mimi niliugua hiyo hiyo."

"Wewe?"

"Mimi. Hukujua kwa sababu sisi wanaume ni wajinga, tunaficha. Sasa sikiza. Mimi yangu ilikuwa kinyume na yako. Daktari wa kwanza aliniambia ni kitu kidogo, nenda nyumbani, tutaangalia. Nikafurahi. Binti yangu Aqsa akakataa. Akasema baba, tutafute daktari wa pili. Nikamtukana karibu nimlaani. Lakini tukaenda. Vile vinyama vyangu vikasomwa tena na mtu mwingine, na akaona kansa ni kali kuliko walivyosema. Nikachomwa na miale ya mashine, nikapewa sindano. Bila hiyo, leo ningekuwa udongo, Ndambuki. Mshumaa wangu ungekuwa umewashwa na kuzimwa."

"Kwa hivyo daktari wa kwanza alikuwa anadanganya?"

"Hakudanganya. Aliona vile aliona. Kusoma hicho kinyama ni kazi ngumu, na watu wawili wanaweza kusoma tofauti. Ndio maana unauliza wawili. Wakikubaliana, unalala vizuri. Wakikataana, umeokoka."

Ndambuki alisimama kwa hasira. "Sasa nidungwe tena? Zile sindano? Sidungwi tena! Heri wanikate tu!"

"Nani amesema kudungwa? Kinyama chako kiko."

"Kiko wapi?"

"Maabara. Hawatupi. Wanakigandisha ndani ya kipande cha nta, kisha wanakata vipande vyembamba wanaweka kwa vioo vidogo. Vinaitwa slaidi. Unaenda unaomba, wanakupatia, unapeleka kwa daktari mwingine. Ni mwili wako, bwana. Si wa maabara."

Ndambuki hakuwa amejua. Wiki zote hizo alifikiri kinyama kilitupwa kwa takataka, na kuuliza upya ni kuanza upya. Hakuna mtu alikuwa amemwambia. Na hiyo ikamwongezea hasira, lakini hii ilikuwa hasira ya kutembea nayo, si ya kukaa nayo.

Jioni hiyo Laban alikuja nyumbani na mkate na uso wa kanisa. Mukai akaweka chai. Laban akaanza kupanga nani atalala hospitali, nani ataleta uji.

"Laban," Ndambuki akasema. "Jumatano siendi."

"Unasema nini?"

"Nataka daktari mwingine aangalie kwanza."

Laban aliweka kikombe chini kwa nguvu, chai ikamwagika. "Daktari mwingine? Ndambuki, unajua nilivyopiga magoti kwa huyu mtu? Alikupitisha mbele ya foleni! Ni mtu wetu, tunajuana na baba yake! Ukienda kwa mwingine ni kama umemwambia hajui kazi. Nitamwangalia na macho gani? Kwa harusi tutasalimiana aje?"

"Kwa hivyo nikatwe ndio wewe usalimiane na watu vizuri kwa harusi?"

"Usinigeuzie maneno! Unaogopa tu! Mwanaume mzima unaogopa kisu!"

"Ndio naogopa!" Ndambuki alipiga meza. "Naogopa! Hakuna mtu ameniambia kama nitaweza kuzuia mkojo! Hakuna mtu ameniambia kama nitakuwa mwanaume kwa nyumba yangu! Nimeuliza nikaambiwa utabaki hai! Hata jiwe liko hapo, Laban! Mimi nauliza nitabaki aje!"

Kutaja hayo maneno mbele ya bibi yako na shemeji yake ni kitu hakifanywi. Laban akaangalia mlango. Mukai akaangalia chini kwanza, halafu akainua kichwa, na yeye pia alikuwa amekasirika. Ilikuwa inachemka ndani yake siku nyingi.

"Shemeji, ngoja niseme. Huyu ndugu yako, gogo la mti tu hakati mpaka aite Odera asikie. Asubuhi hii Odera amenipigia simu akicheka, ati amemrudisha Kimanzi na mti wake. Mti! Lakini mwili wake, mume wangu, mnataka ukatwe na neno la mtu mmoja ako kwa simu? Kwa sababu ni mtu wetu? Kimanzi pia ni mtu wetu!"

Laban alisimama. "Basi mkizika, msiniite."

"Kuita tutakuita," Mukai akasema. "WhatsApp yako ya ukoo imeshatuma hata mshumaa."

Laban akatoka bila kumaliza chai.

Jumatatu Ndambuki na Mukai walienda kwa Daktari Kivuva. Njia nzima Ndambuki alikuwa anapanga maneno. Alijua atafukuzwa. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele mpaka askari wa mlangoni aje.

"Daktari, nataka slaidi zangu na ripoti yangu. Nataka mwingine aangalie. Ukikasirika, kasirika."

Daktari Kivuva aliinua macho. "Sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa, ni haki yako. Nitakuandikia barua ya kuchukua maabara. Hata mimi ningekuwa mgonjwa ningeuliza wawili. Mbona hukusema mapema?"

Ndambuki alikosa pa kuweka ile hasira yote. Kwa hivyo aliiweka mezani, pole pole.

"Ningesema saa ngapi? Ulikuwa kwa simu. Nilikuuliza nitabaki aje, ukaniambia nitabaki hai. Mimi nachonga mbao, daktari, lakini mtu akiniagiza twiga, namuuliza anataka aje kabla sijaguza mti."

Simu ya daktari ikalia juu ya meza. Akaizima.

"Hiyo ni kweli, mzee," akasema. "Nilikosea. Pole."

Mpaka wanatoka Ndambuki alikuwa bado amekasirika, lakini sasa alikuwa amekasirika akiwa na karatasi mkononi.

Daktari wa pili alikuwa mwanamke, Daktari Khalayi, bingwa wa magonjwa hayo. Ndambuki aliona haya mwanzoni. Mukai akamkanyaga mguu: ongea. Daktari Khalayi alipeleka slaidi zisomwe tena na mtaalamu mwingine wa maabara. Akamtuma Ndambuki apigwe picha ya MRI, ile mashine unalala ndani yake kama mkate ndani ya oveni. Majibu yalipokuja, aliwaita wote wawili.

"Mzee, nianze na mbaya. Kansa iko. Wataalamu wote wawili wa maabara wameiona. Hakuna mtu alikudanganya."

Mukai alishika kiti.

"Sasa nzuri. Imeonekana kwa vipande vichache tu. Inaonekana ya kiwango cha chini. Haijatoka nje ya tezi. Kansa kama hii, kwa wanaume wengi, inakaa miaka bila kusumbua."

"Na kuamka kwenda choo kila saa?" Ndambuki akauliza. "Si hiyo ndiyo kansa?"

"Hiyo mara nyingi ni tezi imefura tu kwa sababu ya umri. Iko na dawa yake. Kansa ikiwa changa haisemi kitu, ndio maana tunapima damu bila kungoja dalili."

"Kwa hivyo nikatwe ama nisikatwe?"

"Kabla nikujibu, kuna kipimo kingine kinaweza kutusaidia. Kinaangalia jeni za hiyo kansa yenyewe."

"Jeni ni nini?" Mukai akauliza.

"Ni maagizo yenye yako ndani ya kila chembe ya mwili. Yanaambia chembe ikue vipi, isimame lini. Kansa nayo iko na maagizo yake. Mtaalamu akiangalia kwa kioo, anaona sura ya kansa. Hiki kipimo kinajaribu kuona tabia yake. Ni ya kukaa ama ya kukimbia."

Ndambuki aliinua kidole. "Kwa macho unaona ganda. Ukigonga unasikia moyo wa mti."

Daktari Khalayi alicheka. "Mzee, hiyo nitaiba niambie wagonjwa wengine."

"Nitadungwa?"

"Hapana. Tunatumia kile kinyama chako kwenye nta. Lakini nisikufiche. Kinapelekwa nje ya nchi, majibu yanachukua wiki kadhaa, na bei yake ni kali. Uliza bima yako kabla. Na si kila mtu anakihitaji. Mtu akikosa, bado tunaweza kuamua vizuri na kipimo cha damu, ripoti ya kinyama na picha. Tena hakitabiri kama Mungu. Kinatuongezea tu uhakika."

"Na hizo wiki nikingoja, haitaenea?"

"Kansa ya aina yako haina haraka. Kuna zingine ziko na haraka, na hizo nisingekuambia ungoje. Ndio unauliza daktari: niko na muda kiasi gani? Usijiamulie mwenyewe. Na usiende kunywa mizizi ya mtu wa barabarani ukisema unatafuta maoni ya pili. Hiyo si maoni ya pili."

Halafu akauliza swali moja: "Baba yako alikufa na nini?"

Ndambuki alifikiri. "Alifungwa na mkojo. Akaisha mgongo ikimuuma. Tulisema amelogwa."

Daktari aliandika. "Inawezekana ilikuwa hii. Kwa hivyo kuna kipimo cha pili cha jeni, na usichanganye na kile cha kwanza. Hiki kinapima damu ama mate yako, kuangalia kama kuna kitu umerithi. Kikionekana, watoto wako wote wanahusika, hata wasichana, kwa sababu jeni zingine zinaleta kansa ya matiti pia. Uko na ndugu?"

"Mmoja."

"Mdogo ama mkubwa?"

"Mdogo. Lakini naye nywele imeanza kuwa nyeupe."

"Amewahi kupimwa?"

Ndambuki alimgeukia Mukai. Mukai akamwangalia. Laban alikuwa amepanga hospitali ya kila mtu kwa ukoo. Laban alikuwa ameshika mkono wa kila mgonjwa wa kanisa. Lakini Laban mwenyewe?

Ndambuki alikubali vipimo vyote viwili, bima ikasaidia kwa bei, na baada ya wiki kadhaa majibu yalikuja. Damu haikuonyesha kitu cha kurithi chenye wanakijua, ingawa daktari alisema hiyo haimaanishi familia imekuwa salama kabisa. Kile kipimo cha kansa yenyewe kilisema hatari ni ndogo. Daktari Khalayi aliweka njia zote mezani. Kupasuliwa. Kuchomwa na miale. Kuangaliwa kwa karibu bila kuguza. Kila moja alieleza uzuri wake na ubaya wake, mkojo, kitanda, kila kitu, bila kuona haya. Ndambuki aliuliza mpaka akamaliza. Akachagua kuangaliwa.

"Lakini si kwenda nyumbani kusahau," daktari akamwonya. "Damu kila wakati nimekuandikia. Picha tena. Siku moja kinyama tena. Ikibadilika, tunatibu, na hapo usiniletee ukaidi."

"Hiyo sindano tena?"

"Hiyo hiyo."

"Aki huyu mama ni mkali," Ndambuki akamwambia Mukai. Lakini alirudi kazini, akakojoa mwenyewe, akabeba magogo mwenyewe, na ile redio haikugombezwa tena.

Hasira yake iliyobaki yote aliipeleka Buruburu, Jumapili baada ya kanisa. Laban alikuwa kwa geti akisalimia watu.

"Wewe. Umepimwa?"

"Kaka, hapa ni kanisani."

"Nimeuliza umepimwa?"

"Mimi niko sawa. Sisikii kitu."

"Hata mimi hiyo kansa sikuisikia! Baba alikuwa anasikia, na tukasema amelogwa! Wiki zote zile ulinibeba hospitali kama mzigo, ukaniita mwoga, na wewe hujawahi kutoa hata tone ya damu? Nani mwoga, Laban?"

Wamama wa kwaya waligeuka. Laban alitaka kucheka kama mtu mkubwa, lakini kicheko hakikuja. Akasema kwa sauti ndogo, sauti ya yule kijana aliyechunga mbuzi naye.

"Naogopa, Ndambuki. Nilikuona vile ulikuwa, nikaogopa. Ndio maana nilitaka ukatwe haraka, iishe."

Ndambuki alikuwa bado na maneno mengi ya kumpiga nayo. Aliyaangalia, akaona hayana kazi tena.

Kesho yake walikaa kwa benchi ya kliniki, wazee wawili bega kwa bega, Laban amekunja mkono wa shati tayari. Hakuna mtu aliwapitisha mbele ya foleni. Nesi akaita jina. Laban akasimama, akageuka.

"Sasa nikiingia nimuulize daktari nini?"

"Uliza kila kitu," Ndambuki akasema. "Na kama ako kwa simu, ngoja azime."